Mistari Aliyoifuta Onorabule

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na mkono wangu umezoea pasi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, na pengine nimeandika neno vile linavyosikika kwetu Uvira, njo badala ya ndiyo na minye badala ya mimi, si vile linavyoandikwa vitabuni. Ninaandika polepole. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku mbili. Lakini mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake alikuwa na uvumilivu na watu wa polepole, kwa hiyo nimejipa moyo.

Sitataja jina lake. Hata mtaani kwetu Kasenga jina hilo lilitumiwa na mke wake tu, tena siku akikasirika. Sisi wengine tulimwita Onorabule, kwa sababu alikuwa mbunge wa jimbo, kule Bukavu, tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ninaishi kwa mama mdogo, na kati ya nyumba yetu na yake kuna ukuta wa tofali unaofika kifuani. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi, pasi ya makala, yaani ya makaa, pale kwenye baraza. Mama mdogo anauza sokoni Kavimvira, karibu na mpaka. Mama yangu mzazi yuko Kiringye, analima mpunga.

Onorabule alikuwa na makoti mawili, la buluu na la kahawia. La buluu lilikuwa la kikao kikubwa, siku wabunge wote wanakaa pamoja na redio inawasikiliza. La kahawia lilikuwa la komisyo, lile kundi dogo la wabunge linalojifungia chumbani na kuchambua sheria mstari kwa mstari kabla haijafika kwa wengine. Nimeyapiga pasi makoti hayo miaka sita. La buluu bado liko kama lilivyotoka dukani. La kahawia nimelitia kiraka mara mbili kwenye kiwiko cha kulia na mara tatu kwenye cha kushoto, kwa sababu aliegemea mkono wa kushoto akiandika kwa ule mwingine. Mtu akiniuliza kama Onorabule alifanya kazi, ningemwonyesha viwiko.

Nguo zake alizileta mwenyewe, zimelala mkononi, hata siku zile ambazo gari la serikali lilikuwa linamngoja nje. Kabla ya kuweka pasi ni lazima nitoe vitu mfukoni. Kwenye koti la kahawia nilikuta kila mara vikaratasi vilivyokunjwa mara nne. Kila kimoja kilikuwa na mstari mmoja au miwili iliyopigwa kwa mashine, na juu yake umepita wino mwekundu. Mwanzoni nilidhani ni takataka. Siku moja nikauliza, na kwangu mimi kuuliza ni kazi.

"Onorabule, hizi nitupe?"

"Hapana, mama." Wasichana wote aliwaita mama. "Hizo njo kazi yangu."

"Lakini zote zimekatwa."

"Njo vile nakuambia."

Nilikuja kuelewa taratibu. Sheria zenye jina lake juu zilikuwa chache sana, na watu walimcheka kwa hilo. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye sheria za wengine. Alizisoma kule komisyo mpaka akaona mstari utakaomuumiza mtu asiyekuwepo chumbani, akaubishania mpaka ukafutwa. Kipande chenye mstari huo alikikata, akakikunja, akakitia mfukoni. Nyumbani alivihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kimoja nilikisoma, na bado ninakikumbuka. Kilisema kila mzigo unaobebwa kichwani kupita sokoni utatozwa kodi. Onorabule aliwauliza wenzake: na mama anayepita sokoni na ndoo ya maji akienda kwake? Na yule anayerudi na beseni tupu? Na mtoto mwenye kuni? Wakabishana mpaka wakachoka, mstari ukafutwa.

Miezi kadhaa baadaye alikuwa Kavimvira, anatembea kati ya wabadilisha pesa na wauza samaki wa ndagala. Mama mdogo alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akasimama mbele yake.

"Weye Onorabule. Miaka yote hii unapandaka Bukavu unashuka, ulitufanyia nini? Tuonyeshe hata kitu kimoja."

Onorabule akaliangalia lile beseni kichwani kwake.

"Hakuna kitu ya kuonyesha, mama," akasema, akampisha njia.

Mama mdogo alikasirika kwa niaba yake. Walipofika mbele akamuuliza kwa nini hakumwambia yule mwanamke.

"Nimuambie nini? Kodi yenyewe hakuionaka. Muache auze nyanya yake."

Mbunge mwenzake, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alipopita Uvira alikuwa hakosi kufika kwake, na sauti yake iliruka ukuta bila shida. Yeye ndiye aliyetuletea habari ya mbuzi. Kulikuwa na mswada uliosema mnyama aliyeingia shamba la mtu akamatwe, afungwe kwa chifu mpaka mambo yaishe. Komisyo nzima ilikubali, watu wanataka kwenda kula. Onorabule akainua mkono.

"Akafungwa kwa chifu, majani anapewa na nani?"

"Siku mbili," yule mama alimwambia mama mdogo juu ya ukuta, "siku mbili tuko tunabishana juu ya majani ya mbuzi. Minye nilikuwa na mukutano ya maana, nikaikosa. Lakini iliandikwa. Mwenye mbuzi ataleta majani, na chifu hatamukataza kuingia. Tangu siku ile tunamuitaka Onorabule wa Majani."

Onorabule alikuwa ameketi pale pale, kwenye kiti chake cha plastiki, anachambua maharage na mkewe. Jina hilo lilimpendeza, ilionekana.

Msidhani alikuwa hana makosa. Alipenda kuwauliza watu maoni, lakini ukimkatiza katikati ya sentensi alinuna mpaka jioni. Tukimpelekea sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwenye sahani, sahani haikurudi mpaka twende kuidai. Kwenye kikao kikubwa, mbele ya redio, alizungumza kama mtu mwenye bugali la moto mdomoni, na mama mdogo alizima redio kwa aibu. Na mkewe alikuwa na kesi yake ya peke yake.

"Weye unatengenezaka sheria ya jimbo muzima," alimwambia, sisi tunasikia, "na mulango wa lupango yako iko unaanguka."

"Nitauangalia."

"Unauangaliaka tangu mwaka jana. Sasa uushike."

Mlango ule wa ua ulikuja kutengenezwa na mkewe, kwa misumari aliyoazima kwetu.

Lakini nilitaka kuwaambia jinsi alivyofanya kazi. Kila Jumamosi mchana, akiwa Uvira, aliweka viti uani na kuwaita majirani. Fundi viatu alikuja, walimu wawili, mama mdogo akirudi mapema, wazee wa kanisa, dereva wa pikipiki, na mimi, kwa sababu alinipigia kelele juu ya ukuta mpaka nikaja. Alisoma kipengele kimoja cha mswada, mara mbili, kwa Kiswahili chetu. Kisha alikunja karatasi, akamwambia mmoja wetu: "Haya, na weye niambie." Ulitakiwa kukisema upya kwa maneno yako. Ukishindwa hakukulaumu. Aliandika pembeni kwamba kipengele hicho hakifai, akapanda nacho Bukavu wakakiandika upya.

Mimi nilikaa nyuma, karibu na jiko, nikiomba asinione. Aliniona kila wiki. Aliwaambia wengine, "Yeye anasomaka polepole. Akielewa yeye, wote bataelewa." Mtu mwingine ningeona ananitukana. Kwake nilijisikia kama kipimo.

Hivyo ndivyo ilivyokuja sheria ya mifereji, moja ya zile chache zilizokuwa zake mwenyewe.

Kule bondeni Ruzizi, upande wa Kiringye, maji ya mpunga yanatoka kwenye mfereji, na kila shamba lina zamu yake, kila siku ya nane. Mgawa maji anasimama na daftari, anaita majina. Wakati huo matajiri wa mjini walikuwa wanatuma vibarua kuitikia majina ya watu, au wananunua zamu za maskini kwa bia mbili, na wakulima wadogo wanabaki na matope makavu. Onorabule aliandika kipengele kifupi. Maji yatapewa aliyeandikwa kwenye daftari, akiwepo mwenyewe. Jina halitabadilishwa mpaka aliyeandikwa aje mwenyewe kuliachia.

Alikisoma mara mbili. Akakunja karatasi. Akaniangalia.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema: "Maji ni ya mwenye jina. Kama hayuko, maji yanapita, yanaenda kwa mwingine. Na kama anataka kuachia jina lake, anakuja na miguu yake."

Fundi viatu akapiga makofi, wengine wakafuata. Onorabule aliandika maneno yangu, yale ya miguu, pembeni mwa karatasi. Nilirudi kwetu nikiwa nimejaa. Sikumbuki kama nimewahi kusifiwa mbele ya watu siku nyingine.

Sheria ikapita. Watu walikijua kipengele kile kama wimbo, kuanzia mlimani mpaka ziwani. Matajiri walirudi mjini na vibarua wao, na msimu ule Kiringye kulikuwa na furaha.

Isipokuwa kwa mama yangu.

Baba alikufa nikiwa mdogo. Jina lake lilibaki kwenye daftari la mfereji, kama majina ya wafu wengi. Kwetu ilikuwa hivyo tangu zamani, hakuna aliyeona ajabu. Mgawa maji anaita jina la marehemu, mjane wake anaitika "Niko," anafungua maji. Mama alimwitikia baba miaka kumi na zaidi. Mimi niliyakuta hayo tangu nilipoanza kukumbuka vitu. Na siku ile uani, mbele ya watu wote, hata sikuyafikiria.

Mama mdogo alikuwa Kiringye zamu ya kwanza baada ya sheria, akarudi na habari. Jina la baba liliitwa. Mama akasema, "Niko."

"Weye njo yeye?" mgawa maji akauliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa sheria tu, maana kila mtu pale aliijua.

"Minye ni bibi yake."

"Sheria inasema mwenyewe."

"Mwenyewe iko mu kaburi."

"Basi jina haliwezi kubadilishwa. Inaombwa aje mwenyewe kuliachia."

Vijana wawili walicheka, kisha wakaacha. Maji yakapita. Zamu iliyofuata yakapita tena, na ya wajane wengine vilevile. Mpunga wa mama ulianza kugeuka njano kwenye ncha. Akanitumia ujumbe kupitia mama mdogo: mwulize Onorabule wako atamfufua baba yako lini.

Jumamosi iliyofuata nilienda, nikanyamaza. Jumamosi ya pili nikanyamaza. Ningewezaje kumwambia kwamba sheria yake iliyopendwa hivyo ilikuwa na kasoro, na kwamba mdomo wangu ndio uliosema iko sawa? Nilichoma shati la mteja kwa mawazo. Na huko Kiringye siku ya nane nyingine ilikuwa inakuja.

Jumamosi ya tatu alisoma mswada wa mitumbwi. Akakunja karatasi, akaniita. Nikasimama, nikaanza kusema kile cha zamani.

"Maji ni ya mwenye jina," nikasema. "Baba njo mwenye jina. Baba alikufa. Kama hayuko, maji yanapita. Mama anasimama pale, maji yanapita. Wanamwambia baba aje na miguu yake."

Onorabule alikuwa ameshikilia karatasi ya mitumbwi.

"Ile ilipita, mama," akasema. "Leo tuko na ya mitumbwi."

Nikaketi. Wakaendelea na mitumbwi, mtu mwingine akaitwa. Nilirudi nyumbani nikidhani nimemwaibisha bure, na kwamba hataniletea nguo tena.

Siku ya zamu alipanda pikipiki, yeye aliyeogopa pikipiki kuliko kuhutubia redioni, akaenda Kiringye. Hakuwaambia watu anakuja. Alisimama kando ya mfereji na viatu vyake vya komisyo, akasikiliza majina yote yakiitwa, na akawaona wanawake waliosogea mbele kisha wakarudi nyuma. Mama alimtambua. Alimfuata mpaka mbele yake.

"Minye nilimuzika bwana yangu mara moja," akamwambia. "Sheria yako inamuzika kila siku ya nane."

Mama alinisimulia kwamba alivua kofia, akabaki hivyo mpaka maji yote yakagawanywa.

Jumatatu akaniletea koti la kahawia. Mfukoni kulikuwa na kikaratasi kimoja. Kilikuwa kipengele chake mwenyewe, kimekatwa kwa wino mwekundu, pamoja na yale maneno yangu ya pembeni.

"Nilikosea, Onorabule," nikasema. "Niliwaambia wote kwamba iko sawa."

"Weye ulisema vile nilisoma. Minye njo sikuulizaka batu ba kule. Niliulizaka batu benye kiti."

Yaliyofuata tuliyapata kwa yule mama mwenye sauti kubwa. Kubadilisha sheria mpya, tena yako mwenyewe, si jambo dogo. Wenzake walimwambia asubiri, watu watasahau. Wengine walifurahi. "Mzee wa Majani, leo mbuzi ni weye," mmoja alimwambia kule komisyo, wote wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudi kwenye mstari. Siku ya kikao kikubwa alivaa koti la kahawia. Mama mdogo hakuzima redio. Sauti yake ilikuwa ileile ya bugali la moto, lakini tulisikia: niliandika vibaya, nisaidieni kufuta.

Ilichukua muda mrefu kuliko mpunga ulivyoweza kungoja. Mama alipoteza msimu ule, akapanda viazi vitamu kwenye sehemu iliyokauka, tukavila mpaka tukavichukia. Lakini msimu uliofuata sheria ilisema kwamba anayelima shamba la marehemu anaandikwa kwa jina lake mwenyewe, mbele ya majirani wawili. Mama akaandikwa. Na Jumamosi za Onorabule zikahama mara moja kwa mwezi, zikawa kando ya mfereji, watu wamesimama na majembe, hakuna kiti.

Sasa si mbunge tena. Hakuomba kura mara ya mwisho. Alisema macho yamechoka na herufi ndogo.

Kiangazi kilichopita nilienda kumsaidia mama. Tulikuwa kwenye mstari wa kungoja maji asubuhi, nikaona nyuma yetu mzee mmoja mwenye jembe jipya, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myeupe kwa kukosa jua. Alikuwa Onorabule. Mtu wa ukoo wa mkewe alikuwa amemwazima kipande cha shamba, upana wa chumba. Mgawa maji alikuwa kijana mpya.

"Jina?"

Akamtajia. Kijana akapitisha kidole kwenye daftari, juu mpaka chini.

"Hauko."

"Najua. Niliingia mu shamba juzi."

"Basi utangojea mpaka wenye jina bamalize. Yenye itabaki njo yako."

Mzee mmoja akamvuta kijana mkono, akamnong'oneza. Kijana akamwangalia Onorabule, uso ukabadilika, akaanza kusema kwamba pengine kwa leo apewe tu. Onorabule akatikisa kichwa.

"Soma sheria yako vile iko. Nitangojea."

Majina yakaitwa. Likaitwa la mama, lake mwenyewe, aliloitwa na wazazi wake. "Niko," akasema, akashuka na jembe, akafungua tope, maji yakaingia. Mama hana haraka na maji. Aliyapeleka kila kona, akaziba, akafungua, akarudi kuangalia alipokwisha kuangalia. Jua lilipanda. Onorabule alihama mguu huu, akahama ule.

"Mama," akaita mwishoni, kwa heshima, "utamaliza saa ngapi?"

Mama hakuinua kichwa.

"Sheria yako haisemi saa."

Onorabule alicheka mpaka akaketi chini kwenye majani, jembe limelala magotini, na watu wote wa mstari wakacheka naye, hata yule kijana wa daftari. Mama alicheka pia, ila hakuongeza mwendo. Maji yalipofika kwenye kile kipande cha Onorabule yalikuwa membamba kama kamba ya ndoo. Aliyafuata ameinama, hatua kwa hatua, akiyaelekeza kwa jembe. Sikuwahi kumwona akiridhika hivyo ndani ya koti lolote.

Nimeandika haya kwa sababu ile kazi yake haionekani. Mtu hawezi kwenda kuangalia mstari ambao haupo. Kwa hiyo ninaomba: kama wewe unayesoma uliwahi kukaa kwenye ua ule Jumamosi, au unajua jambo ambalo lilitaka kukufika likakupita kwa sababu yake, niandikie. Usiogope mwandiko, umeshaona wangu. Nitasoma polepole, na nitakujibu.